Muuza kadi anapima pakiti kwenye mzani kabla ya kutuuzia. Huu ni wizi!

Wakuu, hasira hii ninayo tangu Jumamosi na nimeona niitoe hapa. Najua humu tupo kadhaa tunaokusanya kadi za besiboli huku Marekani, na wengi tunanunua pakiti mojamoja kwa sababu boksi zima ni hela ndefu.

Mimi nakusanya Heritage ya 2023, seti ya kampuni ya Topps. Kwa asiyeijua, Heritage kila mwaka inarudisha sura ya kadi za miaka 49 nyuma, kwa hiyo hii ya 2023 imevaa sura ya 1974: ukingo mweupe, kibendera cha rangi juu chenye jina la mji, kingine chini chenye jina la timu. Wachezaji ni wa leo, lakini ukiishika unajiona umekaa barazani kwa mzee wa enzi zile. Na seti ya 1974 ina visa vyake. Kadi namba 1 ilimtangaza mchezaji Hank Aaron kuwa mfalme mpya wa home run, yaani mipigo ya kutoa mpira nje ya uwanja, wakati alikuwa bado na 713, moja nyuma ya rekodi ya Babe Ruth. Rekodi akaivunja tarehe 8 Aprili mwaka huo, kadi zikiwa tayari mikononi mwa watoto. Wachezaji wa San Diego nao walichapwa kwenye baadhi ya kadi kama timu ya Washington, kwa sababu kila mtu aliamini timu inahama. Ray Kroc, tajiri wa McDonald's, akainunua, ikabaki. Mambo kama haya ndiyo yaliyonivuta, siyo biashara. Pakiti za zamani zilikuwa na kipande cha bazoka ndani, na Topps iliyotoa kadi hizo ndiyo hiyohiyo iliyoanza kutengeneza Bazooka kule Brooklyn baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Neno tulilokua nalo nyumbani tukitafuna limetoka huko!

Sasa sikilizeni. Kuna duka la kadi hapa mjini ninapoishi, Ohio. Sitalitaja. Boksi la Heritage linakaa wazi juu ya kaunta, unachagua pakiti unazotaka, dola 6 kila moja. Boksi la aina hiyo huwa na pakiti 24, na ndani yake panatakiwa kuwe na kadi moja yenye saini ya mchezaji au ya kumbukumbu, ile yenye kipande cha jezi au cha gongo la mchezaji. Kadi ya kipande ni nene. Hapo ndipo penye shimo, kwa sababu mtu mwenye mzani, au mwenye vidole vilivyozoea, anaijua pakiti hiyo bila kuifungua. Zamani mhuni alilazimika kuipasha joto karatasi ya nta, aifungue, kisha aibandike tena. Leo hata hiyo kazi hana.

Jumamosi ya kwanza nilichukua 8. Ya pili nikamalizia 11 zilizobaki. Jumla 19, dola 114 bila kodi. Huwa nafungua na mwanangu mezani baada ya chai, yeye anachana, mimi napanga kwa namba, 1 hadi 400, kisha zile 100 za mwisho zinazochapwa kwa uchache tunaziweka peke yake. Tukamaliza zote. Saini hakuna, kipande cha jezi hakuna. Mtoto akaniuliza, "Baba, mbona sisi hatupati?" Nikamjibu kwamba labda ilikuwa kwenye zile 5 zilizouzwa kabla yetu. Niliamini hivyo kwa moyo safi, na ndicho kinachoniuma zaidi. Nilimtetea mtu huyu mbele ya mwanangu.

Jumamosi iliyopita nikafika mapema, saa 4 asubuhi, ndiyo kwanza wanafungua. Jamaa alikuwa amenipa mgongo. Ameshachana plastiki ya boksi jipya, pembeni ana mzani mdogo wa kupimia unga, ule bapa wenye namba za bluu, anaweka pakiti moja, anasoma, anaitoa, anaweka nyingine. Moja akairudia mara mbili. Akaibana katikati kwa kidole gumba, kisha akaitia kwenye droo. Zilizobaki akazipanga vizuri kwenye boksi na kuliweka juu ya kaunta, tayari kwa akina mimi.

Nikamwuliza anafanya nini. Hakushtuka hata kidogo! Akasema duka ni lake, kila mtu anafanya hivyo, na kama sitaki ninunue boksi lililofungwa. Nikageuka kwenye kabati la vioo: kadi tatu za vipande vya jezi, Heritage hiyohiyo ya 2023, kila moja dola 25. Nyuma ya kioo nimeziangalia wiki zote hizo nikidhani ni za wateja waliobahatika.

Mimi sidai kila pakiti iwe na kitu. Pakiti 23 kati ya 24 kukosa, hiyo ndiyo hali yake na niliikubali nilipolipa. Lakini dola 6 ni bei ya pakiti ambayo bado ina nafasi. Ukishaitoa ile moja, zilizobaki ni kadi za kawaida tu, na kadi za kawaida duka hilohilo linaziuza kwa senti kwenye kasha la chini. Basi aandike kwenye boksi kwamba zimeshapimwa, auze kwa dola 2, nami nitanunua kwa hiari yangu, maana seti bado inanipungukia 61.

Aliyewahi kudai pesa zake kwa jambo kama hili anieleze alianzia wapi. Risiti zote mbili ninazo, na maganda yote 19 sijayatupa. Na kama kuna mtu humu anajua duka la Ohio linalochana boksi mbele ya mteja, aniandikie. Mwanangu hajui bado nilichokiona, na Jumamosi inakuja.