Mrejesho: jenereta ya nyumbani, Tanga

Wakuu, niliuliza jenereta ipi inatosha nyumba yetu ya Chumbageni umeme ukikatika. Ahsanteni sana, nimechukua ya kVA 5 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta).

Kilichoamua ni pampu ya kisima. Ya hp 1 (nguvu ya farasi mmoja) ikishatembea inakula kama wati 1,000, ila wakati wa kuwaka huvuta hata mara tatu: 3,000. Friji, feni, taa na tivii ni kama 450. Jumla 3,450, na kVA 5 kwa pawa fakta (sehemu ya kVA inayokuwa wati za kutumika) ya 0.8 inatoa wati 4,000. Ile ya kVA 2.5 niliyoshauriwa dukani, yenye wati 2,000 tu, isingeiwasha pampu.

Fundi amefunga chenjiova (swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa jenereta), umeme wa jenereta usirudi kwenye nguzo ukamuua mtu. Na jamani, jenereta iwekeni nje, mbali na madirisha: kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wake, haina harufu.