Wataalamu wa mifugo Mtwara na Lindi, mzigo wa moyoni mnautuaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za usiku. Chuoni tulifundishwa dozi na chanjo, ya kusimama mbele ya mtu anayelia hatukufundishwa. Niko Masasi, nimetoka kwenye banda lililoingiwa na homa ya nguruwe. Masikio yamegeuka zambarau, mama ananiuliza, "Daktari, hata sindano moja tu?" Tiba haipo, na chanjo huku kwetu hatuna. Wale nguruwe ndio ada ya watoto. Nimefika nyumbani chakula hakipiti. Mwenzangu wewe unafanyaje?

Mdau wa Kilwa
Pole sana mkuu. Huku kwenye maboma mfugaji anakupigia simu akishamaliza kuchoma sindano zake mwenyewe. Ukifika ni ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, tezi zimevimba, ng'ombe anahema kwa shida na povu linatoka puani. Hapo mapafu yameshajaa maji. Ukitibu kimya kimya akafa, jina lako linafika mnadani kabla yako: daktari kaua. Mimi kabla sijafungua mkoba nasema mbele ya jirani: huyu amechelewa, najaribu, anaweza kufa, dawa ni shilingi kadhaa. Aamue mwenyewe. Wanakufa vilevile, ila nalala.

Bibi Mifugo, Newala
Kinachonimaliza mimi ni kichaa cha mbwa. Mtoto kaumwa, na mbwa ni wake, ndiye anayefukuza naye tumbili shambani. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mbio hospitali akachanjwe, maana dalili zikishaanza hakuna wa kumrudisha. Nahakikisha ameondoka na mjomba wake ndipo namgeukia mbwa. Mtoto akiwepo, simuui. Jioni nampigia mwenzangu wa Tandahimba, hata tukiishia kubishana Simba na Yanga.

Kijana wa Nachingwea
Shikamooni. Bosi wangu wa kwanza aliniambia "utazoea". Sijazoea, na wanaojisifu wamezoea nawaona jioni wapo wapi. Mimi nikielemewa napitia kaya zinazochanja kuku dhidi ya kideri, lile tone la jichoni kila miezi 3, nikatazame kuku wanavyozagaa uani.

Mleta mada
Asanteni. Mdau wa Kilwa, mwenye mali akigoma kuamua?

Mdau wa Kilwa
Namwita kaka yake au mzee wa boma. Asiposema mtu, sindano haitoki mkobani.