Herufi moja imenilia mtaji, hivi kuandika sawasawa kuna maana au nakuza mambo?

BINTI WA KIBIRIZI:
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Kigoma, nanunua dagaa pale mwalo wa Kibirizi napeleka Tabora, kuna kaka yangu mmoja kule ndio ananitafutia wateja. Juzi nikamuuliza kwa meseji yule mtu wa gunia nne anasemaje, akanijibu hivi hivi nilivyoandika hapa, "dada hatalipa kesho jioni". Nikaishiwa nguvu. Mzigo ushapanda basi, pesa yenyewe ya kununulia nimekopa kwenye kikundi, nikaona bora nimuuzie mtu mwingine hapo hapo Tabora kwa bei ya kutupa ilimradi nirudishe cha watu. Kesho yake jioni mteja wa kwanza anapiga simu, pesa ninayo mkononi, dagaa wako wapi? Kumbe kaka alitaka kusema ATALIPA. Ndio anavyoongea siku zote, hata asante kwake ni hasante.

Nikamwambia kwa upole tuwe tunaandika vizuri, kanuna, eti najifanya msomi, kuandika ni kuelewana tu. Sasa naomba kuuliza, hili jambo lina uzito kweli au mimi ndio nina hasira za hasara? Na kama lina uzito, mtu mzima unamwambiaje asijisikie vibaya?

DOGO_MWANGA:
Pole sana dada, gunia nne si mchezo. Ila mi naona tusiweke kila kitu kapu moja, mimi na washkaji tukichati ni xaxa, cjui, nw, ckuoni, na hajawahi kupotea mtu, tunajuana, ningeanza kuwaandikia kama barua ya mkuu wa shule wangeniuliza kama naumwa. Kwahiyo kwangu kosa sio herufi, kosa ni kumaliza jambo la pesa kwa meseji. Pesa piga simu.

MAMA STESHENARI:
Mwanangu Dogo, hapo kwa washkaji nakubaliana na wewe kabisa. Lakini mimi nina steshenari Tabora mjini mwaka wa tisa sasa, nachapa barua za watu kutwa nzima, na barua haipigiwi simu, ikishatoka mkononi kwako inaenda kuongea peke yake.

Kuna kijana aliniletea maombi ya udereva kayaandika kwa mkono, "husika na kichwa cha habari hapo juu", halafu chini yake nina reseni, nina uzoefu wa kuendesha rori miaka mitano. Akasema mama chapa kama ilivyo, wanaangalia vyeti tu. Nikamwambia vyeti vipo nyuma, ukurasa wa mbele ni huu. Nikamsomea kwa sauti mstari kwa mstari, tukakaa kama nusu saa, akarekebisha mwenyewe kwa peni yake. Kijana ana akili zake, hakuna aliyewahi kukaa naye tu.

Na mikataba ndio usiseme. Mwaka jana nililetewa nichape rasimu ya kiwanja imeandikwa "mnunuzi hatamaliza deni lililobaki ndani ya miezi miwili". Nilisimamisha printa. Na tangu 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, yani karatasi kama ile ingesomwa kama ilivyo.

MWL KASULU:
Dada wa Kibirizi pole, na hukuzi mambo. Nafundisha Kiswahili sekondari, naomba niseme kwanini hiyo H imekuumiza kuliko kosa lingine lolote. Angalia tutalipa na hatutalipa, watalipa na hawatalipa, pale silabi nzima inaongezeka, hata mtu akila H bado utaona "atutalipa" ukashtuka. Ila kwa wewe na yeye, wakati ujao, kukanusha kote kumening'inia kwenye H peke yake: utalipa, hutalipa. Atalipa, hatalipa. Hakuna kingine kinachobadilika. Mtu anayeongeza H kwenye asante hamuumizi mtu, akiiongeza hapo kageuza habari nzima.

Rori na reseni ni jambo lingine. Kiha, lugha yetu huku Kigoma, hakitenganishi L na R kama Kiswahili kinavyotenganisha, mtoto wa huku anajifunza tofauti hiyo darasani lakini mtoto wa Unguja kazaliwa nayo, maana mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya kusanifisha lugha msingi uliochukuliwa ulikuwa Kiunguja, BAKITA wenyewe, yani Baraza la Kiswahili la Taifa, wamekuja 1967. Kwahiyo mtu wa kwetu akikosea L sio mjinga, sikio lake limelelewa hivyo. Nimeona mtoto amechekwa mara moja tu kwa kusema "karamu" akimaanisha kalamu, hakunyoosha mkono tena muhula mzima. Hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe.

Kwa kaka yako usiguse hasante yake, mwachie. Mwombe tu kwenye pesa muwe na maneno mawili ambayo hayafanani hata kidogo, "amekubali kulipa" na "amekataa kulipa".

DOGO_MWANGA:
Mwalimu shikamoo, hiyo ya utalipa na hutalipa sikuwahi kuiwaza. Hapo nimekubali.

BINTI WA KIBIRIZI:
Marahaba za mwalimu zikufikie Dogo, haha hapana, shikamoo mwalimu na mama, asanteni mno. Nimempigia kaka, nikaanza na pole ya hasara maana na yeye kamisheni yake imekatika, hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia ya amekubali na amekataa, akasema hilo anaweza, tena kasema na mzigo tuandike "umefika" na "bado" basi. Hakununa.

Halafu mama steshenari umenikumbusha, fundi ananiandikia bango la duka, jana alinitumia picha ya mchoro wa penseli, "dagaa wa Kigoma jumla na lejaleja". Nimempigia sasa hivi asipake rangi kwanza.