Milioni 3 kwenye Altezza ya 1999: nguvu kwanza au miguu kwanza?

Mwana Shangani
Wakuu, nina Toyota Altezza RS200 ya 1999, gia 6 za mkono, injini 3S-GE ile ya BEAMS, farasi 210. Korosho imelipa, kuna milioni 3 ya kuchezea. Nawaza eksozi nene mpaka nyuma, nitoe masega (kile kichuja moshi cha kwenye eksozi), nifunge filta ya hewa ya wazi, ikibaki chenji niishushe kidogo. Kila wiki niko njia ya Lindi, mara mojamoja Masasi. Kipi kinalipa na kipi ni urembo?

Spana 14
Urembo mtupu. Hizo farasi 210 zilipimwa injini ikiwa mpya, na petroli ya Japani ya oktani kubwa. Yako imepitisha miaka 25. Kwanza hakikisha farasi wa zamani bado wamo: pima kompresheni, angalia plagi, koili, rejeta, weka kulanti siyo maji ya bomba. Filta ya wazi ikikaa uchi mle kwenye boneti inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ina oksijeni pungufu. Unapata mlio, nguvu inapungua.

Mama Wawili Ligula
Mimi magari siyajui. Ninachojua, wenye hizo eksozi nene ndio wanaotuamshia watoto saa 7 usiku, na hospitali ile pale ina wagonjwa. Mdogo wangu, hiyo milioni 3 kamalizie choo.

Mwana Shangani
Dada, choo changu umekionea wapi? Nyumba imeisha, vigae mpaka bafuni! Na saa 7 mimi nimelala. Anayewasumbua huyo ana Subaru, kamtafuteni.

Boksa
Subaru imeingiaje hapa? Ule mngurumo hatukuununua kwa fundi wa kuchomelea. Manifoldi za turbo za zamani mirija yake haina urefu sawa, moshi unatoka kwa kupishana, basi. Wewe na silinda zako 4 za mstari, hata ufunge bomba la maji taka, utalia kama bodaboda. Funga turbo tuongee.

Mwana Shangani
Bodaboda inayokuacha kwenye kona za Mikindani.

Spana 14
Boksa, usimpoteze mtoto wa watu. Kompresheni ya BEAMS ni 11.5 kwa 1, yaani tayari inabana sana. Ukiisukumia turbo na pistoni zilezile na kontrolboksi ileile, petroli italipuka kabla ya wakati, injini itagonga mpaka pistoni ipasuke. Sikiliza wewe mwenye gari. Tunaishi na upepo wa chumvi, ingia chini uone mabomba ya breki yamekula kutu kiasi gani. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, yakikaa miaka yanachemka ukibana mfululizo, pedali inazama. Badilisha yote, weka mafuta ya daraja la DOT 4, pedi nzuri, bushi, shokapu. Kisha tairi: ubavuni kuna tarakimu 4, mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta 2314 hiyo ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya 2014, hata kama kashata zake za kukanyagia lami zimesimama. Mtumba wa hivyo kwenye lami ya mvua ni sabuni.

Mtu wa Mitwero
Huku Lindi tunaiona ikipita, nyuma inayumba yenyewe. Ishushe, tuta la kwanza tu uache sampo ya oili. Watu wa Mtwara mna shida moja, hela ya korosho ikiingia lazima ipige kelele.

Mwana Shangani
Lindi? Si pale basi linaposimama watu wachimbe dawa?

Mtu wa Mitwero
Heshima, kijana. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini wakati huko kwenu mnavua kamba.

Boksa
Mkahamishwa. Bandari ya maana ikajengwa wapi?

Mtu wa Mitwero
Bandari ya ule mradi wa karanga wa Mwingereza enzi za ukoloni! Karanga zenyewe zikagoma, reli ikang'olewa. Na hata hiyo reli mwanzoni mizigo yake ilishukia kwetu Mkwaya.

Mama Wawili Ligula
Hivi swali langu la kelele limejibiwa?

Spana 14
Dada, masega yakibaki na sailensa ikibaki, hutomsikia. Na hatopoteza nguvu ya kumliza.

Mwana Shangani
Spana, tuseme nimekuelewa kwenye breki. Shokapu nichukue mpya za kawaida au zile ngumu za kurekebisha? Boksa usijibu.

Boksa
Ngumu, uti wa mgongo uhamie shingoni.

Spana 14
Mpya za kawaida, za kampuni inayoeleweka, zote 4 kwa pamoja. Ngumu zinataka barabara isiyo na viraka.

Mwana Shangani
Viraka viko upande wa Lindi.

Mtu wa Mitwero
Nilijua tu utarudi. Mnatusingizia kila kitu. Hata karanga hazikufeli Lindi, zilifeli Nachingwea.

Boksa
Nachingwea iko mkoa gani, mzee?