Demasoni hali chakula, tumbo limevimba na kinyesi ni cheupe. Nianze na dawa gani?

Kioo240
Wakuu, habari za leo. Tangi langu ni la lita 240, ndani wamo demasoni 7 na mbuna wengine 6 (samaki wa urembo wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa). Demasoni mmoja leo ni siku ya nne hali chakula. Anaikimbilia punje ya chakula, anaitia mdomoni, kisha anaitema. Tangu jana amejitenga nyuma ya filta karibu na uso wa maji, anahema haraka na tumbo limetuna. Kinyesi ni uzi mweupe unaoning'inia. Vipimo vya asubuhi: amonia 0, nitriti 0, naitreti 80 (miligramu kwa lita; zote hutokana na uchafu wa samaki), pH 8.2, joto nyuzi 27. Wanakula punje za dukani mara tatu kwa siku, na moyo wa ng'ombe uliosagwa mara mbili kwa wiki. Nimeshatia vijiko viwili vya chumvi ya mezani. Msaada tafadhali.

ChujioSafi
Mkuu, kwanza hakikisha si jike mwenye mayai. Demasoni dume na jike wanafanana sana, na jike hubeba mayai mdomoni wiki tatu hadi nne akiwa hali. Lakini huyo huvimba kidevu na koo, hutafuna-tafuna mdomo mtupu, wala hakimbilii chakula akakitema. Kwa dalili zako, huu ni ugonjwa wa kuvimba tumbo unaowasumbua sana mbuna: vijidudu vya utumbo vinazidi pale samaki anapodhoofishwa na chakula kibaya au manyanyaso. Mtazame pia kutoka juu. Magamba yakiwa yamesimama kama ganda la nanasi, figo zimeshaguswa na matumaini ni madogo. Yakiwa yamelala, anza leo leo.

Mhamishie kwenye tangi la lita 60 lenye maji ya tangi lake, hita na jiwe la hewa. Dawa ni metronidazoli, vidonge vya kawaida vya famasi. Saga kimoja cha miligramu 400, koroga kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, acha mashapo yatulie, mimina maji ya juu. Hicho kinatosha lita 60. Baada ya saa 48 badilisha theluthi ya maji na urudie, jumla mara tatu. Mkaa wa filta utoe, maana unanyonya dawa yote. Taa zima, kwa sababu mwanga huiharibu. Usinunue ya maji ya watoto, ile ina sukari na itachafua tangi.

Ongeza chumvi ya haluli (Epsom), kijiko kimoja cha chai kwa lita 20. Inasaidia kutoa maji tumboni na kulegeza choo. Chumvi ya mezani haifanyi kazi hiyo, kwa hiyo usiongeze tena. Amonia ipime kila siku, kwa kuwa tangi hilo halina filta iliyokomaa, na kwenye pH ya juu ya 8 hata amonia kidogo ni sumu kali.

Kioo240
Asante sana mkuu. Na hawa 12 waliobaki, niwatie dawa kwenye maji pia?

MaweNaMaji
Hapana. Anayekula apewe dawa kwa mdomo, ndiko inakofika utumboni vizuri. Kidonge cha miligramu 200 kilichosagwa changanya na gramu 20 za chakula, gandisha kwa jelatini isiyo na sukari, uwape kidogo kidogo siku 5. Dawa ya kwenye maji ni ya yule aliyekwisha kugoma kula. (Na samaki wa kitoweo wasipewe kabisa dawa hii.)

Ila dawa bila kubadili matunzo ni kupoteza pesa, atafuata mwingine. Moyo wa ng'ombe uache moja kwa moja. Demasoni anatoka miamba ya Pombo na Ndumbi, upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, na kazi yake huko ni kukwangua mwani. Utumbo wake ni mrefu, nyama nzito haisagiki humo vizuri. Mpe punje za spirulina (aina ya mwani) mara mbili kwa siku, ziishe ndani ya dakika moja, na mchicha uliochovywa maji ya moto. Siku moja ya wiki wasile.

Naitreti 80 inaonyesha unalisha kupita kiasi. Badilisha theluthi ya maji leo na theluthi nyingine keshokutwa, yakiwa yameondolewa klorini, na uendelee hivyo hadi ishuke chini ya 30.

Jambo la mwisho, na mimi naliona ndilo kubwa: demasoni 7 ni idadi mbaya. Wakiwa wachache, dume mkubwa humwandama mmoja mchana kutwa, na huyo ndiye huugua. Wakifika 12 au zaidi, ugomvi unagawanyika. Usiongeze sasa, ngoja ugonjwa uishe, na wageni wakae tangi la pembeni wiki nne. Mgonjwa akipona, siku ya kumrudisha panga mawe upya na umwingize taa zikiwa zimezimwa, la sivyo watamwona kama mgeni na kumshambulia.

ChujioSafi
Naunga mkono. Na usimlazimishe kula huko karantini. Akianza kutoa kinyesi cheusi au cha kijani, mpe punje moja ya spirulina iliyolowekwa. Akiimeza bila kuitema, dawa imefanya kazi. Malizia dozi zote tatu hata hivyo.