Marehemu hakuwa na kadi ya zaka: je, kumnyima ibada ya mazishi ni kuhubiri wokovu kwa matendo?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mabishano haya yanazuka misibani kila siku, ila huwa yanaisha na turubai likishushwa. Marehemu alibatizwa, akapata kipaimara, lakini kwenye jumuiya hajaonekana miaka kadhaa na daftari la zaka halina jina lake. Mwenyekiti wa jumuiya anagoma kuandika barua. Paroko au mchungaji anasema hana la kufanya. Ndugu wanahangaika, wanampata katekista au mwinjilisti wa kusoma sala fupi makaburini, au wanazika wenyewe. Kwingine wanaambiwa walipe kwanza malimbikizo ya marehemu, jeneza likiwa limeshafika.

Jumapili inayofuata tunasikia mimbarini: "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani... wala si kwa matendo" (Waefeso 2:8-9). Naomba tujadili: utaratibu huo unapatana na mahubiri hayo? Ukileta andiko weka sura na aya. Ukileta sheria ya kanisa weka namba.

Msharika

Tuanze na Paulo na Yakobo, maana hata tusipowaita watakuja. Warumi 3:28 inasema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 anasema kwa matendo, si kwa imani peke yake. Na wote wawili wanamtumia shahidi mmoja, Ibrahimu, tena aya ileile moja, Mwanzo 15:6 (Warumi 4:3, Yakobo 2:23). Kwa hiyo fuateni miaka ya Ibrahimu.

Mwanzo 15 anaamini, anahesabiwa haki. Mwanzo 16:16 ana miaka 86, Ishmaeli anazaliwa. Mwanzo 17:24 ana miaka 99, anatahiriwa. Kati ya kuhesabiwa haki na kutahiriwa imepita miaka isiyopungua 13. Paulo anakaa hapohapo kwenye hiyo miaka 13 (Warumi 4:10): alihesabiwa haki kabla hajafanya kitu ambacho sheria ingemdai. Yakobo anaruka mpaka Mwanzo 22, Isaka keshakuwa kijana wa kubebeshwa kuni, na anasema pale ndipo andiko la awali lilipotimia. Paulo anauliza mtu anaingiaje. Yakobo anamuuliza aliyekwisha kusema "nimeingia" ana nini cha kuonyesha.

Halafu tazameni matendo yenyewe. Kwa Wagalatia ugomvi ni tohara, nani ale na nani (2:12), na kushika siku na miezi (4:10). Yakobo anazungumzia ndugu asiye na nguo na aliyepungukiwa riziki ya siku (2:15-16). Sasa mniambie daftari la zaka liko kundi gani. Mimi naliona liko karibu na la kwanza kuliko la pili.

Sisi Walutheri tuna Ungamo la Augsburg la 1530, tamko letu la imani: ibara ya 4, kuhesabiwa haki ni kwa neema kwa ajili ya Kristo kwa njia ya imani, ibara ya 6, imani hiyo lazima izae matunda mema, ila mtu asiyategemee matunda kuwa ndiyo yaliyomstahilisha. Na wenyewe kwa wenyewe tuligombana. Mwanateolojia wetu Georg Major alisema matendo mema ni ya lazima kwa wokovu. Mwenzake, Nikolaus von Amsdorf, akajibu yanadhuru wokovu! Maafikiano ya 1577 (Formula ya Concordia, ungamo jingine la Walutheri) yalikataa kauli zote mbili. Anayenyima mazishi kwa sababu ya bahasha ya zaka amerudi kwa Major bila kujua, tena kwa tendo dogo kuliko aliyokuwa akiyafikiria Major.

Kanoni

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla hatujafika makaburini naomba tuondoe uzushi mmoja, kwamba Wakatoliki tunafundisha mtu anajiokoa kwa matendo. Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki), kikao cha 6, 13 Januari 1547, una sura 16 na kanuni 33. Kanuni ya kwanza kabisa inamlaani anayesema mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema. Sura ya 8 inasema hakuna kitu kinachotangulia, iwe imani au matendo, kinachostahilisha neema hiyo.

Tunapotofautiana na Msharika ni hatua ya pili. Kanuni ya 9 inakataa "imani peke yake" ikiwa maana yake ni kwamba mtu hahitaji kushirikiana na neema wala kujiandaa kwa hiari yake. Kanuni ya 24 inakataa kusema matendo mema ni matunda na dalili tu. Kwetu, haki aliyoipokea mtu inakua kwa njia ya hayo matendo. Hiyo tofauti ni ya kweli, tusiifunike.

Sasa mazishi. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha 1983, kanuni ya 1184, kinataja wanaonyimwa: walioikana imani waziwazi, wazushi na watengano (waliojitenga na umoja wa Kanisa) wanaojulikana, waliochagua mwili uchomwe kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungekuwa kikwazo kwa waamini. Wote hao wanaachiliwa kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Mmeona zaka humo? Mmeona barua ya jumuiya? Kanuni ya 1181 inasema sadaka za mazishi zisilete upendeleo na maskini wasikose mazishi yanayostahili.

Ni kweli ipo amri ya Kanisa ya kulisaidia kwa zaka, na kanuni ya 222 inawadai waamini kulitegemeza. Asiyetimiza ana kosa la kuungama. Lakini kutoka "ana kosa" mpaka "asizikwe" ni mwendo ambao sheria yenyewe haijautembea.

Mlokole wa Kagera

Bwana Yesu asifiwe. Mmeongea vizuri na mmewapa watu mto wa kulalia.

Hayo matunda mnayoyataja yana sura. Uamsho ulipotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda na huku kwetu Kagera, mtu hakujulikana ameokoka kwa kuimba Tukutendereza, wimbo wa Uamsho, tu. Alikwenda kwa mwajiri na kitu alichoiba mkononi. Alikwenda kwa jirani aliyemsengenya. Deni la zamani alilipa. Hakuna aliyesema kurudisha jembe kunanunua msamaha. Walisema msamaha ukiingia, jembe haliwezi kubaki ndani.

Mtazameni Zakayo, Luka 19:8. Nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Sheria ya Walawi 6:5 ilimtaka anayekiri mwenyewe arudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano, yaani asilimia 20. Mara nne ni kiwango cha mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza (Kutoka 22:1). Zakayo alijihukumu kwa kipimo kikubwa, ndipo Yesu akasema "leo wokovu umefika nyumbani humu". Mnyumbulishe mtakavyo, matendo yalikuwepo siku hiyohiyo.

Sasa mtu ameikimbia ibada miaka 15, anakula rushwa, mtaa mzima unajua. Siku ya kuzikwa mchungaji anavaa joho na kusema "mpendwa wetu ametangulia kwa Baba". Vijana wanasikiliza. Huo si uongo? Mkikataza kanisa kukataa, mnalilazimisha lidanganye.

Kanoni

Mtumishi, hoja yako ni nzito, na tatizo unalolitaja lipo. Ila limekaa kwenye mahubiri, halijakaa kwenye ibada. Misa ya mazishi kwetu haimtangazi mtu kuwa mtakatifu. Inamwombea, na mtu hamwombei aliye na uhakika kwamba amefika. Padre anayegeuza homilia kuwa wasifu wa sifa tupu amekosea, arekebishwe yeye. Na yule mla rushwa anayejulikana mtaa mzima anaweza kweli kuingia kwenye kundi la wadhambi wa wazi la kanuni ya 1184. Mwenye daftari tupu la zaka haingii.

Msharika

Naongeza kwa Mlokole: kwetu sisi tusiowaombea wafu ni rahisi zaidi. Mahubiri ya kaburini ni ya walio hai. Unaweza kumzika mtu usiseme neno lolote juu ya alikokwenda. Soma andiko, hubiri ufufuo, funika. Nidhamu ya kanisa, kumtenga mtu na meza ya Bwana na baadaye kumrudisha kundini, imewekwa ili mtu atubu. Maiti haitubu. Ukianza nidhamu siku ya mazishi umechelewa, tena inaonyesha miaka yote hiyo hakuna mzee wa kanisa aliyekwenda kumtembelea.

Mhazina

Wanateolojia, shukeni chini kidogo. Divai, hostia, umeme, posho ya katekista, mafuta ya gari linalompeleka padre kigangoni: nani analipa? Wanaotoa ni walewale. Mtu anakaa miaka 10 hatoi hata shilingi, hajawahi kuchanga msiba wa mwenzake, akifa ukoo unataka misa ya jeneza, kwaya mbili, mapadre watatu na jumuiya ipike. Chama cha kuzikana chochote mtaani hakikubali hivyo. Huchangi, huzikwi nacho. Mbona kanisa ndilo lionekane katili?

Msharika

Mhazina, hapo umegusa penyewe. Jumuiya zetu na mitaa yetu zimebeba kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya chama cha kuzikana hasa: kuchangia sanda, jeneza, chakula, gari, watu wa kuchimba. Ya pili ni kuwa mlango wa kupitia kwenda kwa mchungaji kwa barua na mhuri. Ya kwanza ina haki ya masharti yake. Mtu asiyechangia wenzake hana la kulalamika akikosa pilau na basi. Matatizo yanaanza masharti ya kazi ya kwanza yanapohamishiwa ya pili, na ibada inaorodheshwa pamoja na sufuria.

Tenganisheni. Jumuiya ikatae kupika ikitaka. Isiwe na kauli juu ya sala.

Mleta mada

Hamjanijibu kuhusu kulipa malimbikizo. Mimi naona hilo ndilo baya kuliko kukataa kabisa. Kaka wa marehemu anahesabu noti mezani, stakabadhi inaandikwa, barua inatoka. Kama marehemu hakuwa na imani saa tatu asubuhi, saa nne ameipata wapi? Na kama alikuwa nayo, kilichozuiliwa ni nini?

Na swali dogo: si Wakatoliki na Walutheri walishakubaliana juu ya jambo hili?

Kanoni

La pili kwanza. Ndiyo, 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Tamko la Pamoja kuhusu Mafundisho ya Kuhesabiwa Haki, aya 44. Kwa upande wa Walutheri mmoja wa waliotia saini alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Ishmael Noko wa Zimbabwe. Wamethodisti waliungana nalo 2006, makanisa ya Kireformed (ya mkondo wa Calvin) 2017. Aya ya 15 inasema kwa pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yoyote yetu, na Roho anatuwezesha na kutuita kwenye matendo mema. Suala la mastahili ya matendo mema mbele ya Mungu, na kama mwenye haki anabaki mdhambi, yamebaki na maelezo ya pande mbili. Wapo Walutheri ambao hawakulipokea kabisa, kwa mfano sinodi ya Missouri ya Marekani.

Malimbikizo: hayana mtetezi katika sheria. Tendo la kaka ni la kaka.

Na tusisahau mazishi yenyewe ni tendo la nani. Mathayo 25:35-36 inataja mambo sita: njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa, kifungo. Mapokeo yetu yakaongeza la saba kwenye matendo ya huruma ya kimwili, kuzika wafu, kutoka Tobiti 1:17, ambaye alizika watu aliowakuta wametupwa nje ya ukuta wa Ninawi. (Msharika atasema Tobiti hayumo kwenye Biblia yake, sawa.) Hakuwauliza wale maiti walikuwa wa jumuiya gani. Anayezika ndiye anayetenda. Kama matendo yatapimwa kwenye msiba huo, yatakayopimwa ni ya paroko na ya mwenyekiti.

Mlokole wa Kagera

Hilo la Tobiti nimelipokea, ingawa kitabu sina. Lakini narudia: hubirini ukweli kaburini.

Kanoni

Kwa wanaouliza familia ifanye nini. Mgonjwa akiwa bado anaongea, mwiteni padre, msingoje azimie. Watu wanachelewa kwa kudhani Mpako wa Wagonjwa unaharakisha kifo. Akiungama na kupakwa, hoja ya kumnyima mazishi imekwisha, hata kama daftari ni jeupe. Padre asipofika, walioshuhudia mgonjwa akiomba aitwe au akiomba kusaliwa wakamweleze paroko. Hiyo ni dalili ya toba. Paroko akisita, kanuni ya 1184 kifungu cha 2 inataka akiwa na shaka amuulize askofu na afuate uamuzi wake. Makamu wa askofu naye anaweza kujibu. Ombeni jambo hilo lifanyike kwa simu siku hiyohiyo, kabla ratiba ya mazishi haijatangazwa.

Msharika

Kwetu ni mchungaji wa usharika, kisha mkuu wa jimbo, kisha askofu wa dayosisi. Katiba na miongozo ya dayosisi inatofautiana, kwa hiyo someni yenu. Msikubali jibu la "ndivyo utaratibu ulivyo" bila kuonyeshwa umeandikwa wapi.

Mhazina

Sawa, nimeelewa: ibada kwa wote, sufuria kwa waliochanga. Mwambieni sasa paroko alitangaze hilo mimbarini, halafu mwenyekiti wa jumuiya akakusanye zaka mwezi unaofuata. Daftari nitakuwa nalo mimi.