Midazolamu, propofoli au deksmedetomidini kwa mgonjwa aliye kwenye mashine?

Sista_Umoja: Wenzangu wa ICU za hapa Nairobi, nisaidieni. Kwetu karibu kila aliye kwenye mashine ya kupumulia anatulizwa kwa midazolamu, maana ni nafuu na haikosekani. Shida ni kumwamsha. Mwenye figo dhaifu unamzimia pampu ya dawa leo, keshokutwa bado hafumbui macho. Nyinyi mnatumia nini?

Dkt_Nusukaputi: Sista, ni hizo figo. Ini hugeuza midazolamu kuwa kemikali nyingine ambayo nayo inalaza, na figo ndizo huitoa. Zikishindwa, inarundikana mwilini. Mwongozo wa PADIS wa 2018, wa kutuliza maumivu na fadhaa kwa wagonjwa wa ICU, unapendelea dawa nyingine za kutuliza, propofoli au deksmedetomidini. Mimi huchukua propofoli kwa anayekaribia kutolewa mrija wa kupumulia, kwa kuwa ukiizima mapema anaanza kuitikia upesi. Ila presha itashuka. Usikae juu ya miligramu 4 kwa kilo kwa saa kwa siku mbili na zaidi: moyo na misuli vinaweza kuharibika, damu ikajaa asidi. Tena imechanganywa na mafuta, bakteria huyapenda, kwa hiyo badilisha mrija wa dawa kila baada ya saa 12.

Mfamasia_SouthB: Deksmedetomidini haizimi pumzi. Ukimwita mgonjwa anafumbua macho, anakufinya mkono, kisha anasinzia tena. Lakini mapigo ya moyo hupungua, na familia itaiona kwenye bili. Utafiti wa SPICE III, 2019, haukupata tofauti ya vifo kufikia siku 90 kati yake na dawa za kawaida, kwa hiyo msiwauzie watu muujiza. Aliyepewa dawa ya kulegeza misuli asiachiwe deksmedetomidini peke yake, usingizi wake ni mwepesi mno.

Nesi_wa_Zamu: Jamani, maumivu kwanza! Mtu anang'ang'ana na mashine, tunamwongezea usingizi, kumbe kidonda kinamuuma. Mpe mofini au fentanili, ngoja kidogo, ndipo umpime RASS, ile alama ya utulivu: chini ya sifuri amesinzia, juu yake anahangaika. Nikimpata kati ya -2 na +1, siongezi kitu.

Sista_Umoja: Asanteni. Na mwenye presha ya chini sana?

Dkt_Nusukaputi: Ketamini kwa kipimo kidogo, haishushi presha kama propofoli. Mate yatamjaa, weka mashine ya kufyonza karibu.